Camaro ya 1969 inayodaiwa ni Yenko: nitajuaje kama kweli ilipita kwa dila huyo?

#1 MtotoWaGerezani
Wakuu kwema? Naomba msaada, nitaeleza kwa kirefu kidogo mnivumilie.

Nipo Columbus, Ohio, mwaka wa tisa huu, nanyoosha bodi na kupiga rangi kwenye gereji ya mzungu mmoja. Juzi kaja mzee, umri wa baba yangu mzazi, na Camaro ya 1969 rangi ya chungwa, anataka tuipake upya halafu aipeleke mnadani. Anasema ni Yenko. Kwa msiojua, Don Yenko alikuwa dereva wa mbio na familia yake ilikuwa dila, yaani walikuwa na duka la kuuza Chevrolet pale Canonsburg, Pennsylvania. Alikuwa anachukua Camaro mpya kabisa, anang'oa injini iliyokuja nayo, anafunga 427, yaani inchi za ujazo 427, lita 7 jamani, anabandika mistari na nembo yake ya sYc (Yenko Super Car), anauza. Ikiwa ya kweli hiyo ni nyumba Mbezi Beach na chenji inabaki. Ikiwa ya kubandika stika basi ni Camaro kama Camaro nyingine.

Bosi hataki tuguse chochote mpaka tujue, maana ukipiga msasa gari ya kweli unafuta ushahidi. Mimi nilidhani ni kazi ya dakika tano, unasoma namba ya chasisi kwenye dashibodi, unaingiza mtandaoni, historia inashuka kama tunavyofanya gari za Japani. Nimeingiza, hakuna kitu. Sasa hawa wenzetu wanajuaje gari ilipita kwa dila gani miaka hamsini na ushee iliyopita?

#2 JiraniMwema
Ngoja waje wajuzi. Nimekaa paleee na kahawa yangu.

#3 ChumaUlete
Uzi wa gari bila picha ni chai.

#4 FundiKombo
Mkuu hapo kwenye namba umepotea mapema. Yako bila shaka inaanza 124379N. Hiyo 1 ni Chevrolet, 24 ni Camaro ya V8, 37 ni kupe, 9 ni mwaka 1969, N ni kiwanda cha Norwood hapo hapo Ohio kwenu, zinazofuata ni tarakimu sita za foleni ya kutoka kiwandani. Basi. V8 gani haisemi. Camaro ya 307 ya kumpeleka bibi kanisani na Camaro ya 427 zinaanza sawasawa. GM, yaani General Motors wenye Chevrolet, walianza kuingiza alama ya injini kwenye namba mwaka 1972. Na dila hayumo humo kabisa.

Kasome kibati cha kwenye ukuta wa injini kwanza. Kina mwezi na wiki ya kuunganishwa bodi, rangi, na viti. Kama rangi haijaandikwa 72 72, hilo chungwa lako mtu kalipaka nyumbani kwake.

#5 MtotoWaGerezani
Fundi Kombo umenisoma mpaka namba, ni 124379N kweli. Kibati kinasema 72 72 na 04C. Hiyo ni wiki ya tatu ya Aprili siyo?

@ChumaUlete picha siruhusiwi, gari ni ya mteja.

#6 ChumaUlete
Chai yenye tangawizi.

#7 Msee_wa_Kirinyaga_Rd
Wasee wa Bongo niulize swali ya ujinga. Kama watu walikuwa wanataka hiyo engine hivyo, mbona GM wenyewe wasiiweke? Nani huachia dila pesa hivyo?

#8 Mzee wa Kabureta
Mwanangu hilo si swali la ujinga, ndiyo mzizi wa habari yote. Januari 1963 wakubwa wa GM walijitoa kwenye mbio. Tena wakaweka amri ya ndani kwamba gari za umbo la kati na ndogo zisipewe injini kubwa. Hadi 1969 mpaka ulikuwa inchi za ujazo 400. Ndiyo maana Camaro ya dukani iliishia 396. Corvette ikapewa 427, gari kubwa za familia zikapewa 427, Camaro ikanyimwa. Lakini 396 na 427 kwa nje ni mapacha, urefu wa mpigo wa pistoni ni ule ule wa inchi 3.76, tofauti ni upana wa tundu, moja inchi 4.094 nyingine 4.251. Sasa fundi yeyote mwenye winchi akiona hivyo utamzuia na nini? Injini inaingia bila kukata chuma. Ndipo wakatokea kina Yenko, Nickey pale Chicago, Dana kule California, na Joel Rosen wa Motion aliyeshirikiana na Baldwin Chevrolet kule Long Island. Amri ya kiwanda haikumfunga dila.

#9 Kibati72
Shikamoo Mzee wa Kabureta. Kwa heshima naomba kupinga kidogo. Hiyo ya amri ni nusu ya stori. Kiwanda kilikuwa kinajua na kinafaidika, madila walikuwa mlango wa nyuma tu. Angalia Royal Pontiac ya Royal Oak, Michigan, dila wa Pontiac, chapa nyingine ya GM. Jim Wangers, mtu wa matangazo wa Pontiac, alikuwa anafanya kazi na hilo duka bega kwa bega. Pontiac GTO waliyoipeleka kwa waandishi wa Car and Driver mwaka 1964 ilitakiwa kuwa na 389, kumbe Royal walishaifunga 421, na Wangers mwenyewe alikuja kukiri miaka mingi baadaye. Sasa hapo dila kaasi au katumwa?

#10 Mzee wa Kabureta
Marahaba mwanangu. Pontiac ndiyo, walikuwa wajanja tangu mwanzo. Lakini usipime nyumba nzima ya GM kwa rula ya Pontiac.

#11 TascaShabiki
Mnaongea kama madila wote ni GM. Bob Tasca wa East Providence, Rhode Island, alikuwa muuza Ford. Mustang ya 1967 yenye 390 ilikuwa inachapwa na Camaro barabarani, duka lake wakatengeneza ya kwao wakaifunga 428 yenye vichwa vya injini bora zaidi, wakubwa wa Ford wakaiona, na mwaka 1968 kiwanda chenyewe kikatoa 428 Cobra Jet. Hapo ni dila kumfundisha kiwanda kazi. Na Chicago, Norm Kraus wa Grand Spaulding Dodge, yule Mr. Norm, alihangaika na Dart mpaka injini kubwa ikaingia.

Kwa mwenye uzi: ingekuwa Ford ungeshalala usingizi. Kevin Marti ana data za uzalishaji za Ford kuanzia 1967, unalipa, unaletewa ripoti yenye kila kilichoagizwa na dila aliyepokea. Pontiac nao wana PHS (Pontiac Historic Services) wenye nakala za invoisi. Chevrolet ndio yatima.

#12 Msee_wa_Kirinyaga_Rd
Kwa hivyo jibu ya swali yangu ni tatu na hakuna inayokubaliana na ingine. Poa 😂

#13 Bi_Mkubwa_Houston
Iongezeni ya nne. Mimi nipo kwenye bima huku Texas, si mtu wa grisi. Mwishoni mwa miaka ya 60 kampuni za bima zilianza kuwaumiza vijana wenye gari za nguvu, unaambiwa ada inayokaribia marejesho ya gari yenyewe. Gari iliyobadilishwa injini na dila kwenye makaratasi inabaki Camaro tu. Msidharau hilo. Yenko mwenyewe mwaka 1970 aliachana na 427 akatoa Nova aliyoiita Deuce, 350 ndogo ya LT-1, hp 360, kwa sababu wakala wa bima akisikia "Nova, 350" hashtuki.

Na ndilo linalowatesa leo. Mtu aliyeficha gari yake kwa makusudi mwaka 1969, wewe unataka karatasi zake zikuambie ukweli?

#14 FundiKombo
Bi Mkubwa umetisha.

Ila jamani kuna kosa kubwa kwenye posti #1 na nyote mmelipita. Mwenye uzi kasema Yenko alikuwa "anang'oa injini anafunga 427". Hiyo ni 1967 na 1968. Gari ya huyu mzee ni ya 1969. Mwaka huo Yenko alichoka kung'oa, akatumia COPO, ule utaratibu wa Chevrolet wa oda maalumu kupitia ofisi kuu, uliokuwepo kwa ajili ya teksi, polisi na malori ya makampuni. Ukiomba rangi ya ajabu kwa malori 40 ya kampuni yako, inapita hapo. Yenko akapitishia hapo injini. Oda namba 9561 ndiyo 427 ya chuma, L72, hp 425 kwa hesabu ya kiwanda. Oda 9737 ikaleta matairi ya inchi 15 na mita ya mwendo ya maili 140. Kwa hiyo Yenko ya 1969 injini yake ilifungwa Norwood na wafanyakazi wa GM, na inatakiwa iwe na sehemu ya namba ya chasisi imegongwa kwenye bloku. Ya 1967 ni kinyume chake, 427 ilitoka kwenye kreti dukani, haina namba ya gari yoyote. Ukikuta Yenko ya 1967 yenye "namba zinazolingana", hapo ndipo utie shaka.

#15 MtotoWaGerezani
Aisee. Kwa hiyo kipimo kile kile kinachothibitisha moja kinaiumbua nyingine. Asante fundi, nimekosea nakubali.

#16 Gogo la Shamba
Hili la injini kutofautiana na kadi limenikumbusha Mark II yangu Dar. Nilinunua GX100, kadi inasema 1G, nafungua boneti namkuta 1JZ ametulia kama mwenye nyumba. Muuzaji ananiambia "hiyo ni bonasi mkuu". Bonasi! Nimezunguka madawati matatu kubadilisha kadi, kila dawati wananiuliza injini ya zamani iko wapi, mimi nitajua? Mpaka leo naendesha mtu na kadi yake wasiofahamiana.

#17 JiraniMwema
Mtu na kadi yake wasiofahamiana 🤣🤣 nimemwaga kahawa

#18 Msee_wa_Kirinyaga_Rd
Huku Nairobi ni Safari Rally. Kila mzee wa Datsun 240Z atakuambia yake ndio ile Edgar Herrmann alishinda nayo 1971. Nimeonyeshwa mbili.

#19 Kibati72
Turudi kwenye mada kabla mods hawajafunga.

Kuna mtego mwingine fundi hajautaja. Hata ukithibitisha ni COPO 9561 halisi, bado hujathibitisha Yenko. Mlango akishaufungua yeye, madila wengine nao wakaingia, Berger wa Grand Rapids kwa mfano. Hizo zilitoka bila mistari wala nembo, gari kavu kabisa, wengine hata vifuniko vya matairi vile vya kimaskini. Mtu miaka ya 80 anachukua COPO kavu anaibandika sYc inakuwa "Yenko". Chuma ni cha kweli, jina ni la kuazima. Na upande wa pili, Yenko mwenyewe alikuwa anawauzia madila wengine nchi nzima, kwa hiyo kuna Yenko za kweli ambazo mteja wa kwanza hajawahi kukanyaga Canonsburg.

#20 Mzee wa Kabureta
Na ukitaka kuumwa kichwa zaidi chukua ZL1. Fred Gibb, dila wa kamji kadogo ka La Harpe, Illinois, aliagiza Camaro 50 zenye 427 ya aluminiamu, COPO 9560, kwa sababu chama cha mbio cha NHRA kilitaka zisipungue 50 ndipo gari ikubaliwe. Bei ikamshangaza hata yeye, injini peke yake iliongeza dola 4,160, gari inagusa 7,200 wakati Camaro ya kawaida haifiki nusu ya hapo. Nani atanunua 50 La Harpe? Nyingi GM wakazirudisha na kuzigawa kwa madila wengine. Zilitengenezwa 69 tu jumla. Sasa gari imeandikwa invoisi ya kwanza Gibb, ikaandikwa tena California, ikauzwa na mtu wa tatu. "Dila wake" ni nani hapo?

#21 ChumaUlete
Mzee wewe nakuamini hata bila picha. Huyu wa Columbus ndiyo bado.

#22 FundiKombo
Kazi yako mwenye uzi, fanya kwa mpangilio huu na usipige msasa popote.

Mbele ya bloku, chini kidogo ya kichwa cha upande wa abiria, kuna kiwanja kidogo bapa. Soma. T ni kiwanda cha Tonawanda, New York, kisha mwezi na siku, kisha herufi mbili. Unatafuta MN kama ni gia za mkono au MO kama ni otomatiki. Angalia na tarehe iliyoyeyushiwa kwenye bloku, herufi ni mwezi, A Januari mpaka L Desemba, halafu siku, halafu mwaka tarakimu moja. Bodi yako ni Aprili wiki ya tatu, kwa hiyo bloku ya Juni ni ya mtu mwingine, injini haiwezi kuzaliwa baada ya gari. Ukikuta namba ya bloku 3963512 usishangilie, hizo bloku zilitumika mpaka kwenye 454 za miaka ya 70. Gia boksi nayo ina sehemu ya namba ya chasisi. Difu tafuta alama BE. Na kuna namba mbili za siri zimegongwa kwenye bodi, moja iko kwenye ukuta wa injini nyuma ya boksi la hita, nyingine chini ya ule mfuniko wa mbele ya kioo. Hizo kwanza, maana kibati cha dashibodi kina riveti tu, na riveti mtu anang'oa.

#23 Bi_Mkubwa_Houston
Na makaratasi msiyasahau. Kuna kile kitabu cha waranti chenye kibati cha chuma kidogo, Protect-O-Plate, kina namba ya gari na alama za injini na kuna jina la mnunuzi wa kwanza. Kadi za umiliki za zamani majimbo mengi yalishazitupa, kwa hiyo jina hilo ni dhahabu. Mtafute mtu, au watoto wake. Mimi kazini nimejifunza watu wanakumbuka gari yao ya kwanza kuliko tarehe ya ndoa.

Pia ile klabu ya Corvette, NCRS, wana ripoti ya usafirishaji wa Chevrolet za zamani, inakupa dila aliyepelekewa gari. Haisemi ilikuwa na injini gani lakini inasema ilienda wapi.

#24 MtotoWaGerezani
Nimerudi wakuu, samahani kwa kimya, siku nne hizi tulikuwa na kazi ya lori.

Namba za siri zote mbili zinalingana na dashibodi, kwa hiyo bodi ni yenyewe. Difu ni BE. Gia boksi ni ya mkono, namba inalingana. Bloku ni 3963512, tarehe D 2 9, yaani tarehe 2 Aprili 1969. Mpaka hapo moyo unadunda. Halafu nasafisha kile kiwanja cha mbele na kitambaa... kitupu. Laini kama kioo. Hakuna T, hakuna MN, hakuna chochote.

#25 Kibati72
Imesagwa ili igongwe upya halafu mtu akaishiwa na ujasiri. Mimi ningekimbia.

#26 Mzee wa Kabureta
Usimtishe kijana. Hizi gari zilinunuliwa kwenda kuchapana mbio za robo maili kila Jumamosi, siyo kuwekwa kwenye sebule. Injini ikipasuka inapelekwa kwa fundi mashine, anapitisha uso wa bloku kwenye mashine ili ukae sawa na kichwa, na kile kiwanja kinasagwa pamoja nao kwa sababu viko usawa mmoja. Mwaka 1972 nani alijua hizo herufi mbili zitakuja kuwa na thamani kuliko injini?

#27 TascaShabiki
Au ilikufa ndani ya waranti ikabadilishwa bloku. Ingawa hizo za waranti Chevrolet waligonga CE, na yako haina hata CE.

#28 Kibati72
Mzee, bloku iliyopitishwa kwenye mashine inaacha mikwaruzo ya mashine. Kasema "laini kama kioo".

#29 Mzee wa Kabureta
Kasema amefuta kwa kitambaa. Amuulize bosi amletee lenzi.

#30 MtotoWaGerezani
Lenzi ninayo, mikwaruzo ipo midogo sana lakini siwezi kuapa inaelekea upande gani.

Ripoti ya NCRS bosi ameilipia tunasubiri. Lingine, mzee kaja leo na picha ya 1971, kapewa na dada wa mwenye gari wa kwanza. Ni gari hii hii, ipo mbele ya nyumba Pennsylvania, kijana kakalia boneti. Nyeusi na nyeupe. Pembeni haina mstari, na kwenye mbawa ya mbele haionekani nembo.

#31 Bi_Mkubwa_Houston
1971 kijana wa umri huo mwenye akili lazima angebandua stika kabla mtu wa bima hajapita. Na Pennsylvania hiyo, jamani.

#32 Kibati72
Au hazijawahi kuwepo. COPO kavu, kama nilivyosema #19.

#33 FundiKombo
Picha inaonyesha matundu ya nembo? Ikuze hapo kwenye mbawa, uangalie kama kuna vitobo.

#34 ChumaUlete
Kumbe picha IPO na unatusimulia kwa mdomo? Weka picha bwana, huyo kijana wa 1971 siyo mteja wenu.

#35 MtotoWaGerezani
Mguu wake umeziba mbawa.